Montana, Idaho, Wyoming au Colorado: uhamie wapi ukitaka kuwinda kwenye ardhi ya umma

Nimekulia Mpanda, ambako mtu akila nyama ya porini hushusha sauti. Mlango unafungwa, sufuria inafunikwa, na mtoto anaambiwa ukiulizwa sema tulikula maharage. Ukikutwa na kitoweo kisicho na kibali wewe ni jangili, hata kama babu yako alikuwa akiwinda pale pale kabla mipaka ya hifadhi haijachorwa. Kwa hiyo nilipofika Marekani nikaambiwa kwamba mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi Marekani daima, anaweza kukata leseni dukani, akaingia kwenye msitu wa serikali bila kumwomba mtu ruhusa, akarudi mchana kweupe na mnyama kwenye gari, nilidhani nadanganywa.

Ni kweli, ila inategemea unaishi wapi. Texas, tulikokaa miaka sita mimi na familia yangu, karibu asilimia 95 ya ardhi ni mali ya watu binafsi. Ukitaka kuwinda unalipa mwenye shamba, na si pesa ndogo. Nilikuwa dereva wa lori, nikipita barabara ya 80 kule Wyoming na ya 90 kule Montana, na kila nikipita niliwaona swala wa huko wamesimama karibu na uzio, nyuma yao kuna ardhi isiyo na nyumba mpaka upeo wa macho. Ardhi ile nyingi ni ya shirikisho: ama ni misitu ya taifa, ama ni mbuga na nyika chini ya idara ya ardhi inayojulikana kwa herufi BLM. Ni ya wote. Mimi niliyekuja juzi nina haki ya kuikanyaga sawa na yule ambaye babu wa babu yake alifika na gari la kukokotwa na maksai.

Wengi wananiuliza wahamie wapi kati ya majimbo manne ya Milima ya Rocky yanayotajwa sana. Nimeyapita yote, nimewinda katika mawili, nimeishi katika moja, Idaho. Nitasema ninayoyajua, na sitajifanya nayapenda sawasawa.

Kwanza elewa jambo ambalo wengi hulichelewa. Wanyama wako kila mahali katika majimbo haya. Kinachotofautisha ni ukazi. Mgeni anayetaka kuwinda elki Montana hulipa zaidi ya dola 1,000 kwa leseni peke yake, na mara nyingi lazima apite kwenye bahati nasibu. Mkazi hulipa kama dola 20 kwa kibali cha elki, juu ya ada ndogo za msingi, na anakipata bila kusubiri. Elki ni mnyama wa ukoo wa wale ambao kanisani tunawaita ayala, lakini mwili wake ni kama tandala mkubwa aliyeongezewa nyama: dume hufika kilo 320. Ukimchuna vizuri, familia inakula mpaka msimu mwingine. Ndiyo maana nasema unahamia kutafuta ukazi, na ukazi maana yake ni kuishi huko mwaka mzima, Februari na Machi zikiwemo, mtoto akiugua, kazi ikipungua. Chagua mahali ambapo siku zako za kawaida zitawezekana.

| | Montana | Idaho | Wyoming | Colorado |
|---|---|---|---|---|
| Muda wa kuishi kabla ya leseni ya mkazi | siku 180 mfululizo | miezi 6 | mwaka 1 | miezi 6 |
| Ardhi ya shirikisho | karibu 29% | karibu 62% | karibu 48% | karibu 36% |
| Kozi ya usalama ni lazima kwa waliozaliwa kuanzia | 1985 | 1975 | 1966 | 1949 |
| Nguo ya rangi kali wakati wa bunduki | chungwa, lazima | si lazima | chungwa au waridi, lazima | chungwa au waridi, lazima |
| Kodi | hakuna kodi ya mauzo | mauzo na mapato | hakuna kodi ya mapato | mauzo na mapato |

Ukitazama asilimia tu utasema Idaho imeshinda na mjadala umekwisha. Sivyo.

Montana ina ardhi ndogo ya shirikisho kwa asilimia, lakini ni jimbo kubwa, na mambo mawili yanaifidia. La kwanza ni ardhi ya jimbo lenyewe, kama eka milioni 5, ambayo sehemu kubwa iko wazi kwa mwenye leseni. La pili ni mpango wa kuwalipa wenye mashamba ili wawaruhusu wawindaji kuingia bure. Karibu eka milioni 7 za watu binafsi zimo kwenye mpango huo. Baadhi ya mashamba unajiandikisha mwenyewe kwenye kisanduku getini, unachukua karatasi, unaingia. Mengine unapiga simu kwanza. Kwa mtu aliyezoea kuogopa uzio, kujiandikisha getini kwa mwenye shamba halafu ukaingia na bunduki yako ni jambo linalohitaji kuzoeleka.

Halafu kuna msimu wenyewe. Montana hufungua msimu wa bunduki mwishoni mwa Oktoba na kuuacha wazi wiki tano, hadi Jumapili inayofuata sikukuu ya Shukrani. Wiki tano! Mtu wa zamu, mtu wa lori, mtu wa hospitalini anayepata Jumatano tu, wote wanapata nafasi. Na kibali cha kawaida cha elki kinafanya kazi katika wilaya nyingi za jimbo, kwa hiyo ukikosa bonde moja unahamia jingine. Wapo wawindaji wa huko wanaoiona wiki tano ni ndefu mno kwa wanyama, na hoja yao nimeisikia. Ila kwa mgeni anayejifunza, urefu huo ndio shule.

Idaho inakufunga zaidi kwa upande wa elki. Unachagua kanda moja, na ndani ya kanda unachagua kibali cha A au cha B, kila kimoja na tarehe zake na silaha zake. Ukishachagua umechagua. Nilipofika sikulielewa hilo, nikakata kibali cha kanda ambayo jirani yangu kazini aliisifia, kumbe kibali nilichochukua kilikuwa na siku nyingi za upinde na chache za bunduki, na upinde sikuwa nao. Mwaka ule elki nilimsikia tu akilia. Soma kijitabu cha kanuni mwenyewe, ukurasa wa kanda yako, mstari kwa mstari, na kama Kiingereza kinakusumbua keti na mtoto wako wa sekondari msome pamoja. Kwa kulungu, ndio deer wa huku, kuna nafuu: kibali cha kawaida kinatumika kwenye misimu ya jumla jimbo zima, na sehemu nyingi msimu hufunguliwa tarehe 10 Oktoba.

Upande wa ardhi, Idaho haina mfano. Misitu ya taifa peke yake ni kama eka milioni 20, na BLM ina karibu milioni 12 nyingine. Katikati ya jimbo kuna pori la Frank Church, zaidi ya eka milioni 2.3 zisizo na barabara. Nakushauri uliheshimu kwa mbali miaka ya kwanza, kwa sababu ukimpiga elki kilomita kumi kutoka kwenye gari lazima umtoe mgongoni. Paja moja la elki ni kama kilo 30. Hesabu mapaja mawili, mikono miwili, shingo, sarara, mbavu, halafu hesabu safari zako kwenye mteremko wenye theluji. Sheria inakudai utoe nyama inayolika yote; kuiacha ioze ni kosa. Na hata bila sheria, mtu aliyetoka kwetu ataiachaje?

Kinachonifanya niitetee Idaho ni ukaribu. Kutoka Boise, saa moja au chini ya hapo, uko kwenye msitu wa taifa. Eneo namba 39, kaskazini na mashariki mwa jiji, lina wawindaji wengi, ni kweli, na siku ya ufunguzi magari yamepanga mstari kama kwenye harusi. Lakini Jumanne jioni ya wiki ya pili hakuna mtu. Nimetoka kazini saa nane mchana, saa tisa na nusu nikawa nimekaa juu ya jiwe natazama bonde kwa darubini. Msimu uliopita niliingia porini siku 19, na sikuomba likizo hata siku moja. Rafiki yangu wa Billings, aliye na milima mizuri kuliko yangu, aliingia siku sita, kwa sababu milima yake iko mbali na kazi yake.

Missoula, upande wa Montana, inaweza kushindana na Boise kwa ukaribu. Misitu ya Lolo na Bitterroot inauzunguka mji, unaiona ukiwa dukani. Ningeweza kuishi pale. Tatizo ni nyumba: ya kawaida inauzwa zaidi ya dola 500,000, na Bozeman ni zaidi ya hapo tena. Kodi za nyumba zimewafukuza hata wenyeji. Ukiipenda Montana na huna mtaji, tazama Butte, Great Falls au Billings kabla hujaangalia miji inayopendwa na matajiri. Boise nayo si rahisi, ila miji ya pembeni kama Nampa na Caldwell bado inampokea mtu wa mshahara wa kawaida, na Twin Falls iko nafuu zaidi.

Wyoming nitaisema kwa kifupi kwa sababu naamini haifai kwa wengi wetu, ingawa kwa mnyama ni tajiri ajabu. Jimbo lina ukubwa unaozidi Uganda na watu chini ya theluthi moja ya watu wa Zanzibar. Swala wa huko, wale niliowaona kutoka kwenye lori, wamejaa. Mkazi anapata leseni ya jumla ya elki na ya kulungu bila bahati nasibu. Hakuna kodi ya mapato. Lakini unasubiri mwaka mzima kuwa mkazi, na kabla ya hapo, kama mgeni, sheria inakukataza kuwinda wanyama wakubwa ndani ya mapori yaliyotengwa na shirikisho bila kiongozi mwenye leseni au mkazi aliyechukua kibali cha kukusindikiza. Laramie iko mita 2,190 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi, na upepo wake hulaza malori ubavuni. Nimelala mara tatu kwenye kituo cha mafuta barabara ya 80 ikiwa imefungwa. Ukipata kazi ya migodini au ya gesi na huna watoto wadogo, nenda, utakula vizuri. Kumbuka tu kwamba Wyoming ndilo jimbo pekee ambalo halijawahi kuwa na mpango wa kupokea wakimbizi, kwa hiyo hutakuta mtu aliyekutangulia wa kukuonyesha njia.

Kuna jambo moja la Wyoming linalotuhusu wote. Karne ya kumi na tisa serikali iliwagawia kampuni za reli viwanja kwa mtindo wa ubao wa drafti: kimoja cha kampuni, kinachofuata cha umma. Mpaka leo viwanja vingi vya umma vinagusana kwa kona tu, na wenye ardhi walidai kwamba kuvuka kwenye kona ni kuingilia anga yao. Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walivuka kona kwa ngazi karibu na Elk Mountain, bila kugusa ardhi ya mwenyewe. Walishtakiwa. Baraza la wazee wa mahakama liliwaachia mwaka 2022, na katika kesi ya madai mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua upande wao Machi 2025. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa ya mwenye shamba. Uamuzi huo unafunga Wyoming na Colorado. Montana na Idaho ziko chini ya mahakama nyingine ya rufaa, kwa hiyo huko usivuke kona kwa kuamini kesi ya jirani. Nunua programu ya ramani inayoonyesha mipaka ya umiliki, pakua ramani kabla ya kuondoka nyumbani, kwa maana bondeni hakuna mtandao.

Colorado ina kundi kubwa la elki kuliko jimbo lolote, karibu 280,000. Pia ina karibu watu milioni 6, na wikendi ya msimu utawaona wote. Misimu ya bunduki imegawanywa vipande vinne vifupi, cha kwanza kikiwa cha siku tano tu, kwa hiyo ratiba ya kazi ikigongana na kipande chako mwaka umepita. Ardhi ya jimbo, tofauti na majirani zake, imefungwa isipokuwa ile iliyowekwa kwenye mpango wa kufunguliwa. Usiione kwenye ramani ukadhani ni yako. Mema yake ni mengine. Aurora na Denver zina Afrika Mashariki nzima: maduka ya unga na mihogo, misikiti, makanisa, saluni, mtu wa kukuandikia barua. Kima cha chini cha mshahara kinazidi dola 14 kwa saa, wakati Montana ni kama dola 10 na senti, na Idaho na Wyoming bado zinashikilia kile cha shirikisho cha dola 7.25, ingawa waajiri wengi wanalipa zaidi ya hapo ili wapate watu. Kama mke au mume hana hamu na mlima kabisa, Denver inaweza kuokoa ndoa. Sisemi hivyo kwa utani.

Nyumbani kwetu uamuzi ulifanywa na mke wangu. Yeye ni wa Uvira, Kongo. Mimi nilitaka Montana, nilikuwa nimeshachora ramani. Akaniuliza swali moja: nikiwa mlimani siku tatu, yeye atazungumza na nani? Missoula ilifungua tena ofisi ya kupokea wakimbizi mwaka 2016 na familia za mwanzo kufika zilikuwa za Wakongo, kwa hiyo si kwamba hakuna watu. Tena Montana si mahali pa kumwogopesha mtu mweusi kwa jina tu: Helena ilimchagua Wilmot Collins, mkimbizi kutoka Liberia, kuwa meya mwaka 2017. Lakini jamii ya Missoula ni ndogo, na Boise imepokea watu wetu miaka mingi zaidi. Twin Falls pia. Shemeji yangu alikuwa Boise tayari, akanipigia simu: "Shemeji, huku Jumapili tunaimba Kiswahili mpaka saa nane. Kuja uone mwenyewe." Tulikwenda kutazama Machi, wakati mbaya wa mwaka, jiji likiwa la kijivu na mlima wa matope. Nakushauri na wewe uende wakati mbaya. Oktoba kila mahali huku ni pepo.

Baridi ya Boise inavumilika. Jiji liko mita 820 tu. Missoula iko juu kidogo na baridi yake inakaa zaidi, na kote kuwili hewa nzito ya majira ya baridi hunaswa bondeni siku kadhaa jua lisionekane. Agosti moshi wa mioto ya misitu unaingia mpaka chumbani. Mwenye mtoto wa pumu alifikirie hilo kabla ya mengine yote niliyoandika hapa.

Dubu. Kusini-magharibi mwa Idaho kuna dubu mweusi, naye ukimheshimu anakwenda zake. Grizzly, dubu mkubwa wa kahawia, ni habari nyingine. Yuko kaskazini-magharibi mwa Wyoming, sehemu kubwa ya magharibi mwa Montana, na Idaho yuko mpakani mwa Yellowstone na juu kabisa kaskazini. Colorado hayupo. Anapenda harufu ya mnyama aliyechinjwa kama fisi wa kwetu, ila huyu hakimbii ukipiga kelele. Wawindaji wa Montana hubeba kopo la pilipili ya kumpulizia dubu kiunoni, si ndani ya begi, na hutoa nyama haraka. Kama unawinda peke yako, na wengi wetu mwanzoni tunawinda peke yetu, hii ni sababu ya kweli ya kuanza na Boise au Colorado.

Sasa sheria, na hapa naomba usome polepole. Kwa sheria ya shirikisho mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua na kumiliki bunduki. Asiye na hadhi halali haruhusiwi hata kuishika. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, ila kuna vighairi, na kuwa na leseni halali ya uwindaji ni kimojawapo. Huyo amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hajagusa chochote. Aliyewahi kuhukumiwa kwa ugomvi wa nyumbani, hata kosa dogo, amezuiwa. Na kosa la bunduki linaweza kumrudisha mtu nyumbani hata akiwa na kadi ya kijani.

Lipo na la kura. Ili kuthibitisha ukazi utabadilisha leseni ya udereva na namba za gari, utalipa kodi kama mkazi. Kwenye dirisha la leseni ya udereva utaulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Kama bado si raia, jibu ni hapana, na uhakikishe hakuna alama iliyowekwa kwenye kisanduku hicho. Watu wamepoteza uraia waliokuwa wakiusubiri kwa sababu ya alama moja. Kudanganya kuhusu tarehe uliyohamia nako ni kosa, na majimbo yanapashana habari: ukifungiwa leseni jimbo moja, umefungiwa na kwa majirani. Dereva wa masafa marefu, ambaye siku nyingi yuko nje ya jimbo, aende ofisi ya wanyamapori akaeleze hali yake kabla ya kununua leseni. Mimi nilikwenda, nikapokewa vizuri.

Kozi ya usalama mtu mzima anaweza kuisoma mtandaoni. Idaho ina pia pasipoti ya uwindaji, inayomruhusu anayeanza kuwinda mwaka mmoja pamoja na mtu mzima mwenye leseni kabla ya kumaliza kozi. Rangi ya chungwa Idaho si lazima. Mimi naivaa kila siku, kofia na kizibao, na watoto wangu hawatoki bila hiyo.

Ndugu zetu Waislamu huniuliza kuhusu uhalali wa nyama. Aliyenifundisha mimi kuchuna ni mzee wa Kisomali hapa Boise, na yeye hutaja jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kufyatua, na akimkuta mnyama bado ana uhai humchinja papo hapo. Mahali ambapo nyama halali ni ya mbali na ghali, friza yenye kulungu wawili ni msaada mkubwa kwa nyumba. Kuigawa kwa majirani ni ruksa. Kuiuza ni marufuku katika majimbo yote manne, na hili linawashangaza Watanzania, maana siku hizi nyumbani kuna bucha za nyamapori zenye kibali. Huku mnyama ni wa kula na kugawa tu.

Kabla ya kula, mpime. Kuna ugonjwa wa kudhoofisha kulungu na elki, ulioonekana kwanza Colorado mwaka 1967, na sasa uko katika majimbo yote manne. Kwa wanyama wa porini, Montana ulionekana 2017 na Idaho 2021. Haijathibitishwa kwamba umewahi kumwingia binadamu, lakini wataalamu wa afya wanashauri nyama iliyopatikana nao isiliwe. Colorado na Wyoming ndizo zenye historia ndefu ya ugonjwa huo, na sehemu nyingine watakudai sampuli.

Basi hesabu siku zako. Kwa Idaho, ukitaka kuwa mlimani kulungu anapofunguliwa tarehe 10 Oktoba, uwe umeshahamia kabla ya tarehe 10 Aprili. Kwa Montana, ukifika ifikapo tarehe 20 Aprili siku 180 zitakuwa zimetimia kabla ya bunduki kufunguliwa. Wyoming, ukifika Aprili, msimu wa kwanza utautazama tu. Miezi ya kusubiri ndiyo ya kozi, ya kulenga shabaha, ya kutembea vilima Julai na watoto mkitafuta maji na kinyesi na njia zilizochimbwa na kwato.

Sisi tuliingia Nampa tarehe 2 Aprili, theluji ikiwa bado juu ya vilima. Friza tuliinunua kabla ya kitanda, ya mitumba, na mke wangu akaandika tarehe hiyo kwa kalamu ya wino mlangoni mwake. Bado ipo.